Vigae Kwenye Malka ya Komora

Jumapili, 27 Novemba 1955, Kulesa

Mwalimu Dhadho ametugawia madaftari leo baada ya ibada, kila ajuaye kuandika lake. Ati tuandike shukrani kila siku mpaka Krismasi, maana Majilio ni majira ya kungoja, na mtu akingoja bila kushukuru hugeuka mlalamikaji. Alipotamka "mlalamikaji" alinitazama mimi. Sikupenda. Mimi silalamiki, mimi nasema yaliyopo.

Haya, yaliyopo ni haya. Vuli ilinyesha kidogo mwezi wa Oktoba, ikatutia tamaa tukapanda, kisha ikakatika. Mahindi yamefika magotini na yanajikunja. Mume wangu Komora alifariki mwezi wa Machi. Binti yetu Alice ameolewa Ngao, ana mtoto mchanga, hawezi kuja. Nyumba nzima niko mimi na vyungu vyangu.

Shukrani ya leo: daftari ni la bure.

Jumatatu, 28 Novemba

Shukrani: kambare mmoja, mnene.

Jumatano, 30 Novemba

Leo nimecheka, na ni muda sijacheka. Mwalimu alituita nje ya kanisa, akachukua kijiti akachora mchangani njia moja inayozunguka, inakwenda kulia, inarudi kushoto, mpaka inafika katikati. Anasema aliona picha yake kwa wamisionari: huko ng'ambo kuna kanisa lenye njia kama hiyo sakafuni. Watu huitembea polepole wakiomba. Haina njia panda, huwezi kupotea, kazi yako ni kwenda tu. Akataka sisi wa Kulesa tuitengeneze kwa mikono yetu wenyewe, tuitembee Majilio yote.

Nikasema, "Kumbe ni chungu!"

"Chungu vipi, Mama Alice?"

Nikamweleza. Chungu huanza na kamba ya udongo. Unaizungusha na kuizungusha juu ya kitako, kamba moja tu, na ukiikata njiani chungu kitavuja. Akafurahi sana, akasema basi mimi ndiye nitakayeongoza kazi, na kingo za njia tuzipange kwa vigae vya vyungu vilivyovunjika. Hapo nikainamisha kichwa kwa adabu, lakini moyoni nilikuwa nimeshavimba kwa raha.

Shida ilikuwa mahali. Uwanja wa kanisa ni mdogo, mashamba yamefika mlangoni. Dama ndiye aliyesema, "Na pale kwenye malka je? Si pako wazi?" Dama ni jirani yangu, Mgiriama. Alikuja na mumewe kutoka kusini kutafuta shamba, na mdomo wake haupumziki. Malka ni ile njia pana inayokatiza kati ya mashamba mpaka mtoni, ambayo Waorma huteremshia ng'ombe wao kunywa wakati wa kiangazi. Hapalimwi pale, hata kama una njaa. Ardhi yake imekanyagwa miaka mingi mpaka imekuwa sakafu.

Wengine walisita. Mimi nikasema kwa sauti, wote wanisikie, "Huu ni wakati wa vuli. Ng'ombe wako bara kwenye majani na mabwawa. Mpaka Januari hakuna kwato itakayokanyaga pale." Nani atanibishia? Malka hiyo mlinzi wake alikuwa Komora. Kila mwaka aliifyeka, na wafugaji wakifika ndiye waliyemwuliza. Mwaka huu haikufyekwa. Magugu yameota pembeni, na mimi sikuwa na nguvu wala hamu ya kuyaangalia.

Alhamisi, 1 Desemba

Kila nyumba imeleta vyungu vyake vilivyovunjika. Ukitaka kujua siri za watu, tazama vigae vyao! Mwingine alificha chungu cha mama mkwe chini ya kitanda tangu mwaka juzi, leo kimetoka na mama mkwe amekitambua. Dama amefinyanga kamba, yule wa majini, mwenye masharubu. Wengine wamefinyanga mitumbwi, mashuke ya mpunga, mtoto aliyelala. Tumevipaka udongo mwekundu na jivu jeupe tukavipanga kando ya vigae. Mimi nilikuwa nyuma ya kila mtu nikisema sogeza, rudisha, hapo umekaza mno. Wamenivumilia.

Kigae changu kimoja si cha kawaida. Mwaka tuliooana nilimrushia Komora chungu. Sikumpata. Yeye aliokota kipande akakichomeka kwenye makuti ya paa, akasema hicho ndicho cheti chetu cha ndoa. Kimekaa juu yetu miaka yote. Leo nimekishusha nikakiweka kwenye kona ya mwisho kabla ya kufika katikati.

Shukrani: mikono ya watu wengi.

Jumapili, 4 Desemba

Tumeitembea leo mara ya kwanza, mmoja mmoja, bila viatu. Mwanzoni nilijiona mjinga. Unazunguka, unakaribia katikati kabisa, unadhani umefika, mara njia inakutupa nje tena mpaka ukingoni. Nilikasirika. Nikaanza kugomba kimoyomoyo, na niliyemgombeza si njia, ni Komora. Kwa nini uliondoka kabla ya mavuno? Kwa nini hukuniambia kifua kinakuuma tangu lini? Nani atafyeka malka? Nani atanikosoa chumvi?

Nilipofika kwenye kile kigae machozi yalikuwa yananitiririka. Tangu Machi sikuwa nimelia. Kwenye mazishi nilikuwa mkavu kama gogo, watu wakasema huyu mama ana moyo mgumu. Leo nimelia, kisha nikarudi kwa njia ile ile, na nilipotoka kifua kilikuwa chepesi.

Asante, Bwana. Leo sihitaji kuambiwa niandike.

Jumanne, 6 Desemba

Jua. Nimeitembea asubuhi na jioni.

Alhamisi, 8 Desemba

Nimechoma vyungu na vingi vimepasuka. Kosa ni moto. Vyungu vinataka mavi makavu ya ng'ombe, moto wake ni mpole na hauna haraka. Komora ndiye aliyekuwa akiyakusanya malkani na kuniwekea akiba ghalani. Akiba imeisha, nimechomea makuti na kuni, moto ukaruka kama mwenda wazimu. Kimesalimika kikubwa kimoja, cha maji. Nitakiweka katikati ya njia, atakayefika anywe.

Shukrani: hicho kimoja.

Jumapili, 11 Desemba

Somo la leo lilikuwa la nabii wa nyikani anayewaambia watu watengeneze njia kwa ajili ya Yule anayekuja. Nikaona tumetii kwa vitendo, njia ipo na imepambwa. Watu walikunywa maji ya chungu changu na kusema ni matamu. Mama mmoja wa ng'ambo ya mto amevuka kwa mtumbwi kuja kuitembea tu.

Sasa naenda huko kila siku. Kule katikati nakaa chini karibu na chungu, naongea na Mungu na kidogo na Komora. Sitaki njia hii iguswe. Ikifika Januari nitaona la kufanya.

Mto umepungua sana. Mawingu hupita yakienda kwa wenzetu.

Jumanne, 13 Desemba

Joto. Mahindi yamekufa. Maembe yapo, asante kwa maembe.

Jumatano, 14 Desemba

Mwalimu alikuja nikiwa nakanda udongo. Alisimama mlangoni kama mtu aliyeleta deni.

"Mama Alice, habari si nzuri."

"Nzuri ni zipi mwaka huu?"

"Waorma wameonekana. Mabwawa ya bara yamekauka, wanarudi mtoni na mifugo yao. Aliye mbele ni Bonaya. Keshokutwa watakuwa hapa."

Nikaendelea kukanda. "Wapite malka nyingine."

"Ipi? Ile ya juu mto umehama, imebaki tope. Ya Chara ni safari ya ng'ombe aliyeshiba, si ya ng'ombe mwenye kiu."

Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwambia Bonaya huyo amekula kwangu miaka yote. Yeye na Komora walikuwa marafiki wa kubadilishana, sisi tukimpa mahindi na ndizi, yeye akitupa maziwa na siagi. Walikuwa wakikaa pale malkani wakicheka mpaka mimi nawaonea wivu. Na rafiki huyo hakuja kumzika mwenzake. Hakutuma hata mtu. Miezi yote hii sijasikia pole ya Bonaya.

"Labda habari haikumfikia," Mwalimu akasema.

"Habari ya ng'ombe aliyezaa humfikia hata akiwa mwisho wa dunia. Ya Komora ndiyo ikampita?"

Mwalimu ni kijana, lakini ana subira ya kuudhi. Akaketi, akala embe, akafuta mikono. "Sitaondoa hata kigae kimoja usiposema wewe," akaniambia. "Kazi ni yako, na malka ilikuwa ya mumeo. Wazee nao wamesema hivyo hivyo. Tunakungoja wewe."

Afadhali angenigombeza. Sasa nimeachiwa mzigo peke yangu.

Shukrani ya leo sina.

Alhamisi, 15 Desemba

Dama alikuja na unga, nikajua hakuja kwa unga.

"Shoga, ng'ombe wakifa hapa mbele ya macho yetu, Krismasi tutaimbaje?"

"Kwa sauti," nikamjibu.

Akaweka unga chini, akaondoka bila kunywa chai. Dama kuondoka bila chai! Nimekaa na buli langu nikijiambia kwamba niko kwenye haki. Sisi tumepewa kitu kizuri mwaka huu, kimoja tu. Mimi nimepewa mahali pa kulia. Mbona kila mtu anataka nikitoe?

Jumamosi, 17 Desemba

Jana sikuweza kuandika. Nilirudi nimechoka, leso niliyojifunga nzima vumbi. Leo nitaandika yote.

Ijumaa asubuhi nilikwenda mapema, nikaizunguka njia, nikakaa katikati karibu na chungu. Nilijiambia nakwenda kuomba. Ukweli ni kwamba nilikwenda kulinda. Maneno yangu yalikuwa tayari, nimeyapanga usiku kucha, kila moja na makali yake.

Kwanza tulisikia milio, kisha vumbi likainuka juu ya mashamba. Watu wakatoka majumbani. Mwalimu alikuwepo, Dama na mumewe Kadenge walikuwepo, wote wamesimama pembeni. Ng'ombe wakatokea juu ya malka. Ee Mungu wangu! Nimekulia hapa, nimeona ng'ombe maisha yangu yote, lakini hawa walikuwa ngozi iliyotundikwa kwenye mifupa. Walipoinusa harufu ya maji wakaanza kulia wote kwa pamoja. Vijana wa Bonaya walitandaza mikono na fimbo, wakawazuia kwa sauti na vifua vyao.

Bonaya akaja peke yake. Amezeeka, au ni njaa. Akafika kwenye vigae akasimama. Vigae haviinuki hata kufika kwenye kifundo cha mguu, mtu yeyote angevuka tu hatua mbili tatu akanifikia. Yeye hakuvuka. Alitazama huku na huku akitafuta mlango, akauona, akavua ndara zake, akaingia.

Akaanza kuzunguka. Alidhani ndiyo amri ya mahali. Akaenda kulia, akarudi kushoto, akapita karibu yangu kabisa kiasi cha kusikia pumzi yake, kisha njia ikamtupa mbali, naye akafuata. Nyuma yake ng'ombe wake walikuwa wanalia kwa kiu, na yeye hakukata kona hata moja. Akipita kwenye kamba wa Dama alimkwepa kwa uangalifu asimkanyage masharubu. Nilikaa pale na maneno yangu, nikaona yanaanza kunipungukia.

Akafika. Kope zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Mgeni mwenye kiu humwulizi kitu, humpa maji, kwa hiyo nilichota nikampa. Alikunywa mafundo machache tu, akarudisha kata. Tukasema Kiorma, kama siku zote.

"Shemeji, mmepapamba malkani mwaka huu," akasema. "Kazi nzuri. Mwambie rafiki yangu nimefika kabla ya wakati, anisamehe, bara hakuna tone la maji. Yuko wapi Komora?"

Nilimtazama usoni, nikajua. Hakuwa na habari. Alikuwa mbali huko kaskazini tangu kabla ya Machi, akifuata majani, na katika watu wote waliokutana naye hakuna aliyeambiwa ampelekee neno. Na nani angetuma neno hilo? Mjane ndiye hutuma. Mimi ndiye niliyekaa ndani nikihesabu waliokuja na wasiokuja.

"Komora ametutoka, Bonaya. Mwezi wa Machi. Ni kifua."

Hakulia. Aliketi chini taratibu. Akasema yale wasemayo Waislamu mtu akifa, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Akainama, akaweka kiganja chake kwenye ardhi ya malka, akakiacha hapo. Mimi nikaanza kulia tena, kwa sauti safari hii, na sikuona haya.

Baadaye akainuka. "Pole, shemeji. Pole sana. Kumbe nimeingia kwenye msiba kwa kelele za ng'ombe, na sikujua. Njia hii ni ya marehemu, sitaipita mpaka nyumba yake itakaponiruhusu kwa utulivu. Nitawaambia vijana wawageuze."

"Uwageuze kwenda wapi?"

"Chara."

"Watafika?"

"Baadhi."

Alisema hivyo tu, "baadhi", akageuka, akaanza kurudi. Na jamani, alirudi kwa njia ile ile! Anazunguka, kulia, kushoto, mzee wa watu, na ng'ombe wake wanalia juu pale, na hatua yake haikuwa na hasira hata moja. Anaipa heshima njia yangu, kumbe njia yangu ndiyo iliyomfungia njia. Nikamwona Komora na panga lake, kila mwaka, jasho linamtoka, anafyeka magugu ili huyu apite. Huyo ndiye niliyekuwa nikija hapa kumwombolezea, na nimekuja kumwombolezea kwa kuziba kazi yake. Nikajiambia, "Salaale, Margaret!"

Nikasimama. Nikapiga kelele ambayo nadhani ilifika Ngao. "Bonaya! Pita moja kwa moja! Vuka!"

Akasimama bila kuelewa. Nikainama nikang'oa kigae cha kwanza, cha pili, nikavitia kwenye leso. Nikawageukia wale wa pembeni.

"Na nyinyi mnatazama nini? Okoteni!"

Hakuna aliyengoja kuambiwa mara mbili. Dama alikuwa wa kwanza, mbio, akiokota na kulia na kusema yote pamoja. Mwalimu Dhadho alikusanya vigae kwenye kanzu yake. Kadenge alibeba mitumbwi ya udongo kifuani. Vijana wawili wa Kiorma waliacha fimbo wakaja kusaidia, na mmoja akamchukua yule kamba mwenye masharubu kwa mikono miwili kama yai. Kigae cha paani nilikichukua mwenyewe, nikakifunga kwenye ncha ya leso.

Chungu cha maji kilikuwa kizito, tukakiacha. Bonaya akateremka mtoni kwanza na fimbo, akayapiga maji na kupiga kelele kufukuza mamba, kisha akainua mkono.

Wakashuka. Ardhi ilitikisika. Kulikuwa na ndama mmoja asiyeweza kufika chini, alikunja miguu pale pale katikati. Mke wa Bonaya, Kafia, alikuwa anamvuta huku analia. Tukamsogeza mimi na yeye, akatumbukiza mdomo kwenye chungu changu akanywa, akanywa, mpaka akanisukuma. Halafu fahali mmoja mkubwa akapita akakipiga teke chungu hicho, kikapasuka vipande vipande.

Nikacheka. Nikacheka mpaka Kafia naye akacheka, na tulikuwa hatujasalimiana bado.

Shukrani: kwamba alizunguka. Angevuka tu, ningemtupia maneno yangu yote, na sasa hivi ningekuwa nayo.

Jumapili, 18 Desemba

Jumapili ya nne, na njia haipo. Malka imejaa mavi na alama za kwato. Watu walinitazama waone kama nitanuna. Mwalimu akauliza kama kuna mwenye neno, nikasimama nikasema nilikuwa nimekosea, tuvipange vigae upya, kando, huku na huku, toka juu mpaka mtoni, ili ng'ombe waone mwisho wa njia yao na wasiingie mashambani. Ndivyo tulivyofanya baada ya ibada. Kamba wa Dama, mitumbwi na mtoto aliyelala wote wamesimama sasa pembeni mwa malka wakitazama ng'ombe wakipita. Kisha tukateremka wote mpaka majini tukiomba, tukarudi. Ni njia iliyonyooka, lakini nayo huenda na kurudi.

Dama amekunywa vikombe vitatu vya chai kwangu. Tumepatana.

Jumatano, 21 Desemba

Nimekusanya mavi ghala tele! Nayaandika kwenye daftari la kanisa bila aibu. Yakikauka nitachoma vyungu kama watu.

Mabichi nimeyachanganya na udongo nikakandika ukuta wa mbele ya nyumba. Ulipokuwa bado laini nikachora ile njia kwa kidole, mizunguko yote, mpaka katikati. Nikaipaka jivu jeupe. Sasa naitembea kwa kidole nikiwa nimekaa kwenye kigoda, na miguu yangu inanishukuru. Kafia alipita kuniletea maziwa, akaweka kidole chake pale mwanzo, akazunguka polepole, ulimi nje kama mtoto. Alipofika katikati akaniambia, "Hapa ndipo penye maji."

Jumamosi, 24 Desemba

Wali unaivishwa kila nyumba. Ng'ombe wamepata nguvu kidogo, wachache walikufa, wengi wapo. Ndama wa chungu amenitambua, anakuja kunilamba leso.

Jumapili, 25 Desemba, Krismasi

Tuliimba kwa sauti, kama nilivyoahidi.

Baada ya chakula Bonaya alikuja na Kafia na wanawe, wamevaa nguo safi, na kibuyu cha maziwa yenye harufu ya moshi. Alisema hakuja kwa sikukuu yetu, ingawa anatutakia heri. Amekuja kukaa matanga ya rafiki yake, kwa kuwa hakukaa. Tukatandika mikeka. Majirani wakaja. Krismasi yangu ikageuka matanga, na sijawahi kupata Krismasi nzuri kama hiyo.

Alisimulia mambo ya Komora ambayo mimi sikuyajua. Kwamba aliogopa ng'ombe mwanzoni na kujidai haogopi. Kwamba alikuwa akimletea ndizi mbivu kabisa na kusema nimemtuma mimi, nami sikumtuma. Kisha akasema, "Na kile kigae, shemeji, bado kipo paani?"

Nikashtuka. "Wewe umekijuaje?"

"Kila mwaka alinisimulia. Kila mwaka, kana kwamba sijasikia! Alisema, 'Siku ile aliponirushia chungu nilijua huyu hataondoka. Mwanamke anayetaka kuondoka hufunga vyombo vyake, havunji.'"

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikaficha uso kwenye leso. Miaka yote nilidhani alikiweka kigae kile kunikumbusha ubaya wangu. Kilikuwa furaha yake, akaenda nayo malkani kujisifia kwa rafiki. Nilikifungua kwenye ncha ya leso nikampa Bonaya akishike. Alikigeuza geuza, akanirudishia kwa mikono miwili.

Asante kwa mume niliyepewa. Asante kwa aliyekuja kuniambia. Sina zaidi.

Ijumaa, 30 Desemba

Mvua! Imeanza alfajiri na haina dalili ya kuchoka. Imechelewa kwa mahindi, lakini mpunga utaipokea. Bara kutakuwa na maji, na wafugaji wamefungasha asubuhi hii hii.

Nilisimama juu ya malka na gunia kichwani kuwaaga. Ng'ombe walipita katikati ya vigae, vikiwa vimeoshwa vinang'aa. Kafia alinishika mikono yote miwili. Bonaya alibaki nyuma ya kundi, akasita, akachora chora tope kwa fimbo yake.

"Shemeji, mwakani nikifika nimwulize nani?"

Wazee wa Kulesa walikuwepo pale, na Mwalimu, na Kadenge. Walikuwa wanaume wa kutosha. Walinitazama mimi, wakangoja.

"Uliza kwangu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, vile vile alivyokuwa akimwitikia Komora, akawafuata ng'ombe wake. Nami nikarudi nyumbani kulitafuta panga.